Mwaka Tulioacha Vidonge

Mama Solange alifariki Jumanne, na Jumatano asubuhi nilikuwa nimesimama mbele ya pazia la chumba chake pale Kilibula, mtaa wa Uvira, beseni la maji mikononi. Wamama wa jumuiya walikuwa wameshaingia kumwosha. Mmoja alichomoa kichwa nje akaniambia, "Ingia basi. Hana mutoto mwengine. Paka weye, peke yako." Nikamwambia naja. Sikuja. Watu wananijua mimi kuwa mwanamke wa roho ngumu, wa mdomo pia, na nimeosha maiti wengine bila kutetemeka. Lakini chumba kile kilikuwa changu mwaka mzima nikiwa na miaka kumi na tisa, na pazia lile, au lililolitangulia, lilikuwa sikio langu, maana mgonjwa wa muda mrefu hajui mambo kwa kuambiwa. Anayajua kwa kusikiliza. Habari za wazazi wangu na za namna nilivyofika nyumba ile ziko na mahali pake, si hapa. Hapa inatosha mjue kwamba marehemu alikuwa mdogo wa mama yangu. Mimi nilimwita Mama Mudogo, na Uvira yote ilimwita Mama Solange, kwa jina la binti yake wa pekee, ambaye alikuwa amekufa kwa homa mwaka uliotangulia ule ninaouhadithia. Kwetu mama akishapewa jina la mtoto, halivuliwi hata mtoto akizikwa. Kila asubuhi muuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, alipita akiita, "Mama Solange, leo hautwai?" na yeye aliitika kama kawaida, akatoka na sahani.

Homa yangu ilianza baada ya likizo niliyokaa kwa nyanya kijijini. Ilinishika kwa baridi na maumivu ya kichwa, ikaniacha siku chache nikadhani nimepona, kisha ikarudi na nguvu mpya, ikaniacha tena, ikarudi. Hospitalini walichukua damu, wakaitazama, wakasema ni homa ya papasi. Papasi hakuna asiyemjua kwetu, yule mdudu wa kijivu, bapa, anayekaa katika nyufa za nyumba za udongo na kutoka kumnyonya mtu aliyelala chini, akirudi ufa wake kabla mtu hajajikuna. Walinipa vidonge vya rangi mbili, nyekundu upande mmoja na njano upande mwingine, vya siku chache tu. Nikapona. Na kwa kuwa nilipona, nilipelekwa Makobola kushukuru. Hii ilikuwa desturi ya upande wa mama yangu. Mtu akiinuka katika ugonjwa mkubwa, harudi kazini wala shuleni kabla hajalala kwanza katika nyumba ambapo kitovu chake kimezikwa, chini, juu ya mkeka, kichwa upande wa ukuta, ili ugonjwa ujue kwamba mwenyewe amerudi kwao na hauna tena nafasi. Nyumba hiyo ilikuwa ya Koko, nyanya yetu. Ilikuwa ya udongo, yenye giza zuri na harufu ya moshi na samaki mkavu, na papasi walikuwa humo tangu zamani. Hakuna aliyewaogopa. Koko alikuwa akisema, "Papasi wa nyumba hawali mwenye nyumba," na yeye kweli hawakumfanya kitu. Walimuuma maisha yake yote, damu yake ikawazoea. Sisi tuliozaliwa pale na kukulia mjini tulijihesabu wenye nyumba pia. Hivyo tulipotafuta nimeumwa wapi, tulilaumu bweni la shule, tukalaumu nyumba ya rafiki, kwa Koko hatukufikiri hata kidogo.

Nililala pale, nikarudi Uvira, na baada ya muda mfupi homa ikanishika upya. Tukanunua vidonge tena, nikapona tena, tukaenda kushukuru tena, mara hii na kuku. Homa ikarudi. Ndipo Papa Elias, aliyekuwa na famasi karibu na kwetu na ambaye zamani alikuwa mwuguzi, alipotoa hukumu yake. "Hii homa imejificha mu mifupa. Ukiacha dawa, inatoka. Kwa hiyo usiache." Alisema kwa upole na kwa nia njema, na alikuwa na sababu, maana kila tulipoacha iliturudia. Basi hatukuacha. Vidonge vikahamia katika kopo la maziwa ya unga, kopo likakaa juu ya kabati kando ya picha ya Solange amevaa nguo ya komunyo, na mimi nikawa mtu wa kumeza asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi. Homa haikuja tena. Kwa Mama Mudogo huo ulikuwa ushahidi tosha.

Sasa niseme vile vidonge vilivyonifanya, kwa sababu watu wanapenda kusimulia ugonjwa na kusahau dawa. Vilinichoma koo hadi bugali ikawa adhabu. Nilikaa mbele ya sahani ya sombe, majani ya muhogo, na ndagala, chakula ninachokipenda kuliko vyote, nikaisukuma mbali kwa harufu tu. Ulimi uliota utando mweupe. Nikitoka juani kidogo tu, ngozi ya uso iliwaka ikababuka, kwa hiyo nilijifunika kitenge kichwani mchana kweupe kama mwizi wa mihogo. Nilikuwa mwaka wa sita wa sekondari, mwaka wa mtihani wa serikali, na wenzangu walikuwa wakipita barabarani na madaftari wakinipungia mkono huku wakiharakisha. Mbaya zaidi yalikuwa maneno ya kwenye robine. Bomba la maji lilikuwa nyuma ya dirisha langu, na wanawake wakingoja ndoo zijae hawajui kunong'ona. "Ule binti wa kwa Mama Solange, dawa yake haiishaka." "Dawa yenye haiishaka ni ya ugonjwa gani, weye haujui?" Wakacheka kidogo, wakabadilisha habari wakaanza bei ya unga. Nilitaka kuwamwagia maji ya sufuria. Sikuwa na nguvu ya kuinua sufuria, hiyo ndiyo iliyowaokoa.

Kuhusu Solange, Mama Mudogo hakuniambia kitu hata siku moja. Nilisikia kupitia pazia, siku ambayo Papa Elias alileta vidonge mwenyewe akakaribishwa chai. Walidhani nimelala. Papa Elias aliuliza kwa sauti ya chini kama mtoto amekula, Mama Mudogo akajibu kidogo, kisha nikasikia kijiko kinazunguka kikombe muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji. Halafu akasema, "Solange alipona, Papa Elias. Alikuwa anaimba. Minye mwenyewe nikaona dawa imebaki, nikasema tuiweke, siku ingine tutaihitaji. Tukaenda kushukuru kwa mama yangu. Kurudi hapa, haikumaliza hata wiki mbili." Papa Elias akasema, "Mama, hayo ni ya Mungu." "Hapana," akasema. "Ni minye nilikatiza dawa. Huyu sitamukatizia." Nilijifunika shuka hadi kichwani. Tangu siku hiyo nilimeza vidonge bila kunung'unika, maana nilielewa kwamba kila asubuhi alikuwa akiwapa watu wawili.

Lakini mwili hauna adabu. Ulifika wakati nikatapika vyote, vidonge na maji yake, nikashindwa kusimama, naye akalazimika kunipeleka hospitali. Tulipokewa na daktari mwanamke, si mzee, macho ya mtu aliyekosa usingizi, kalamu imechomekwa katika nywele. Alinipima, akatazama damu yangu, akasema hakuna mdudu hata mmoja. Akaomba kujua dawa nimekula muda gani. Mama Mudogo akamweleza, na kwa fahari kidogo. Daktari hakugomba. Akauliza tu, "Mama, zile mara mbili mulipoacha dawa, mutoto alifanya nini nyuma yake? Alikuwa wapi, alilala wapi?"

"Alikuwa tu kwetu," akasema Mama Mudogo. "Halafu tukamupeleka Makobola, kushukuru."

"Kushukuru namna gani?"

Nikajibu mimi, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka twende nyumbani. Nikamweleza mkeka, ukuta, kitovu, nyumba ya Koko. Daktari alitoa kalamu katika nywele, hakuandika kitu. "Nyumba ya udongo?" Ya udongo. "Iko papasi?" Mama Mudogo akacheka. "Munganga, papasi wa nyumba hawali mwenye nyumba." Yule daktari akatuangalia mmoja mmoja, akavuta kiti karibu. Alisema anafikiri homa haikuwa imejificha popote. Dawa za kwanza ziliimaliza. Kisha tukaenda kuchukua nyingine pale pale, na mara ya tatu, kwa kuwa aliye bado kwenye dawa hapelekwi kushukuru, hatukwenda, tukaipa dawa sifa ya kutulinda. "Sina hakika kabisa," akasema, "na sitawadanganya. Kuna njia moja ya kujua. Aache dawa leo, asikanyage Makobola, na tungoje mwezi mumoja. Homa ikikuya, mumulete siku hiyo hiyo. Isipokuya, basi amepona tangu zamani, na hii yenye inamuua sasa ni vidonge."

Mama Mudogo alikuwa anafunga fundo la kitenge chake na kulifungua. Nilidhani atabisha. Aliuliza swali, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia. "Munganga, na muntu mwengine, kama alipona, akaacha dawa, akapelekwa kule kushukuru, na yeye akafwa kwa homa. Ni vile vile?"

"Inawezekana sana, Mama. Ni nani huyo?"

"Hakuna. Nauliza tu."

Tulirudi kwa mguu, polepole, kwa sababu sikuweza kuvumilia mitikisiko ya moto, zile pikipiki za abiria, na yeye alitembea mbele yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu niugue. Ziwa lilikuwa upande wetu, jeupe kwa joto. Nilijua anachofikiri, na nilijua kwamba anajua ninajua. Kama daktari amekosea, basi mimi nikiacha vidonge nitakufa kama Solange. Kama daktari amesema kweli, basi si vidonge vilivyokatizwa vilivyomwua Solange, ni safari ya kushukuru, na aliyefunga mkeka, akaushika mkono wa mtoto na kumlaza karibu na ukuta alikuwa mama yake mwenyewe. Alikuwa akitakiwa kuomba nipone, na kupona kwangu kungemtia hatiani. Hadi leo sijui kama nimewahi kuona mtu amebanwa namna ile.

Usiku ule ulipita, na asubuhi kopo likashuka kama kawaida, kidonge na kikombe cha maji vikaja. Nikasema, "Mama Mudogo, minye naacha." Alisimama mlangoni. Akasema, "Utaacha dawa, na kushukuru hautashukuru. Vyote viwili. Utabaki uchi." Nikamwambia nimeshakuwa uchi, tazama mikono yangu. Ilikuwa mikono ya bibi kizee. Akasema daktari yule ni mtoto, hajazaa. Nikamjibu vibaya, maneno siwezi kuyarudia hapa kwa heshima ya maiti aliye nyuma ya pazia, ila yalihusu famasi, na yalihusu watu wanaopenda wagonjwa kuliko wazima. Alinywa yale maji yeye mwenyewe, akarudisha kidonge ndani ya kopo. Ndivyo tulivyoacha.

Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na nyumba yetu mwezi ule ilijaa majani. Nikikohoa, yuko mlangoni. Nikinyamaza, yuko mlangoni. Wakati wa kula alipitisha mgongo wa mkono juu ya paji la uso wangu kabla sijatia tonge mdomoni, na akiutoa aliupitisha juu ya paji lake mwenyewe kulinganisha. Koko alituma ujumbe kutoka Makobola na mtu aliyeleta migebuka ya kukaushwa: amesikia mjukuu amepona, mbona haji, au mjini sasa watu wanapona bila kuaga? Mama Mudogo alipokea samaki, akatoa chumvi na sabuni zirudi kwa mama yake, akasema mtoto bado ana kazi ya shule. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akimdanganya mama yake. Mimi nilianza kula. Niliila sombe mabakuli mawili, nikaona aibu kwa jinsi ilivyokuwa tamu, kwa sababu kila nilipomeza vizuri nilimwona akinitazama kwa furaha, na nyuma ya furaha kile kingine.

Mwezi ulikuwa unakaribia kwisha nilipoloweshwa na mvua. Nilikuwa nimekwenda kuazima madaftari kwa mwenzangu, mvua ya mlimani ikashuka ghafla kama inavyoshukaka Uvira, maji ya barabarani yakawa mekundu, nikafika nyumbani saa tisa ya alasiri nikitiririka. Nilivua, nikajifunika, na baridi ikaanza. Meno yaligongana. Kichwa kilinigonga nyuma ya macho, mahali pale pale pa zamani. Mama Mudogo aliingia, akaweka mkono, akaondoka. Nilisikia kabati, nikasikia kopo. Alirudi akaketi ukingoni mwa kitanda, kidonge ndani ya kiganja, kikombe mkono mwingine. Mabati yalikuwa yanalia kwa mvua hadi ilibidi ainame aniambie sikioni.

"Meza, mwanangu. Tusijue. Minye sitaki kujua tena. Meza, tukae hivi hivi."

Nami nilitaka kumeza. Nasema kweli. Nilikuwa na woga wa kufa, na kidonge kilikuwa karibu, na kumeza kungekuwa heshima kwake, maana tungeishi bila jibu, yeye na Solange wake, mimi na tumbo langu. Nilifungua mdomo. Halafu nikasema, "Tungoje mvua iishe. Kama mvua imeisha na minye bado niko na baridi, nitameza, na sitakuuliza tena kitu."

Alikubali kwa kichwa. Aliweka kikombe chini, kidonge akakifumbata. Tulikaa. Sijui ni muda gani, mvua zetu za mlimani hazina adabu ya saa. Alipitisha mkono wa kushoto juu ya paji langu tena na tena, ule wa kulia umefungwa. Wakati fulani akaanza kusema, na hakuwa anasema na mimi. "Solange alisema: Mama, kuna vitu vinatembea. Nikamuambia lala, ni papasi wa nyumba, hawakujui weye ni mwenyewe?" Akarudia. "Nikamuambia lala." Nilimshika kifundo cha mkono. Mvua ilipungua, matone yakaanza kuhesabika juu ya bati, watoto wa jirani wakatoka kucheza katika maji. Meno yangu yalikuwa yametulia, sikumbuki tangu lini. Jasho halikuja. Kichwa kilikuwa kichwa tu, cha mtu aliyenyeshewa. Aliweka mkono, akaweka juu yake, akaweka tena juu yangu.

"Hakuna homa," akasema.

Akafumbua kiganja. Kidonge kilikuwa kimeyeyuka, unga wa njano umeingia katika mistari ya mkono wake, na rangi nyekundu imemchafua hadi kwenye vidole. Alikitazama kiganja kile, akaanza kulia, kilio cha chini kisicho na maneno, na kilikuwa kilio cha msiba, kile ambacho mwaka mzima hakuwahi kukilia mbele yangu. Nililia naye. Majirani walikuja kuuliza nani amekufa. Akawaambia, "Solange," nao wakatazamana, wakaketi.

Homa haikurudi, si mwezi ule wala mwaka ule. Mtihani niliufanya, nikafaulu kwa kujikokota. Kabla ya mtihani Mama Mudogo alikwenda Makobola peke yake, na ajuavyo Mungu ndiyo siku ngumu kuliko zote alizowahi kuishi. Alitoa mikeka nje, akafukua udongo wa pale karibu na ukuta, akamwaga maji ya moto katika kila ufa, akapiga udongo mpya kwa mikono yake, na Koko amesimama uani akimwuliza anafukuza nani katika nyumba ya baba yake. Hawakusemeshana hadi mavuno. Kopo likawa la chumvi. Mimi sikuwahi kwenda kulala pale, na hata hapa msibani shangazi mmoja ameshanikumbusha kwamba shukrani yangu bado haijafika, na kwamba mchana tukimpeleka Mama Solange kwenda kuzikwa Makobola kando ya binti yake ningeweza kuimaliza. Nimemwambia tutaona. Ana haki yake ya kusema.

Kitu kimoja hatukukiacha. Miaka yote, nikija Kilibula na watoto wangu mgongoni, nikija na mvi, kabla ya kunikaribisha, kabla ya kuniuliza habari za safari, alipitisha mgongo wa mkono wake juu ya paji langu, kisha juu ya lake. Watoto walicheka. Nilimwambia, "Mama Mudogo, imetosha, minye mutu muzima." Alisema ndiyo, imetosha, na safari iliyofuata akafanya vile vile. Wiki iliyopita tu, akiwa kitandani na sauti imekwisha, mkono ulinyanyuka ukanitafuta.

Yule mama wa jumuiya alichomoa kichwa tena, akasema maji yanapoa. Nikaingia. Walikuwa wamemfunika hadi kifuani, mikono yake imenyooshwa kando. Niliweka beseni chini, nikaosha kwanza kiganja cha kulia, mstari kwa mstari, ingawa kilikuwa safi. Kisha nikaweka mgongo wa mkono wangu juu ya paji lake. Lilikuwa la baridi. Nikaweka juu yangu, nikaweka tena juu yake, wamama wananitazama bila kuelewa.

"Hakuna homa, Mama," nikamwambia. "Sasa unaweza kuacha."